Kutoka Buhinyuza Mpaka Brisbane ni Saa Ngapi

Katika ofisi yetu ya tiketi za ndege, hapa Gitega, hakuna mteja aliyewahi kuanza kwa kuniuliza habari za kiti au chakula. Swali la kwanza lilikuwa moja tangu siku niliyoanza kazi mpaka Ijumaa niliyokabidhi funguo: "Iko mbali?" La pili lilifuata kabla sijajibu la kwanza: "Ni saa ngapi mpaka kule?" Nimeyajibu hayo mawili kwa miaka mingi kiasi kwamba siku hizi nayajibu hata usingizini. Mume wangu anaapa kwamba nilimwambia ashuke Addis Ababa na asisahau mzigo wake.

Nadine, ambaye sasa amekalia kiti changu, ameniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimemwambia nitaandika, ila habari za vyeo asizitafute humu. Ofisini kwetu vyeo vilikuwa viwili, mkuu na asiye mkuu, na sisi tulikuwa wawili.

Mimi ni mzaliwa wa Muyinga, mtaa wa Waswahili, nyumba ya fundi cherehani. Baba yangu alishona kanzu na sare za shule, na ndege aliziona kwa kuinua shingo tu. Nilikuja Gitega kwa sababu niliolewa Gitega. Kazi niliipata kwa sababu niliweza kusoma Kifaransa, kuzungumza Kirundi na kugombana kwa Kiswahili. Mwenye ofisi, Mzee Kalisti, alisema sifa hiyo ya tatu ndiyo aliyokuwa akiitafuta, maana wafanyabiashara wa Muyinga walikuwa wamemshinda.

Mzee Kalisti alikuwa mwalimu wa jiografia kabla hajachoka na chaki. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha kitabu cha ratiba wala simu. Aliniweka mbele ya tufe la dunia lililosimama kwenye meza yake, kubwa kama malenge, akaniambia, "Bon. Nionyeshe Gitega."

Nilitafuta. Nililiona Ziwa Tanganyika, nikapanda nalo mpaka juu, na pale ambapo nchi yetu ingekuwepo palikuwa na doa jeupe lisilo na rangi wala jina.

"Mzee, hapa pamefutika."

"Pamefutwa na vidole," akasema. "Kila anayeingia humu anaweka kidole hapo kwanza, ndipo aseme anakotaka kwenda. Burundi imeliwa na Warundi wenyewe. Endelea."

Kisha akatoa uzi mzito wa kushonea magunia, wenye mafundo ya wino, kila fundo likiwa kilomita elfu moja. Akashika ncha moja kwenye lile doa jeupe, nyingine akaivuta mpaka Montreal. Nilishangaa, maana kwenye ramani ya ukutani ningevuka bahari upande wa kushoto moja kwa moja, lakini uzi ulipanda juu ya Sahara, ukapita chini kidogo ya Hispania, ukaingia Kanada kutokea mashariki. "Ndege haisomi karatasi ya ukutani," akasema Mzee Kalisti. "Dunia ni duara. Mtu akitaka njia fupi, avute uzi juu ya duara." Tukahesabu mafundo. Kwa kila kilomita mia nane na hamsini, saa moja. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. "Na sasa," akasema akiinua kidole, "ongeza kungoja. Kwenye safari ndefu, mtu anaruka kidogo na anangoja sana. Wateja wanalalamika kwamba ndege ni polepole. Eka, hapana! Ndege iko na mbio. Ni viti vya uwanjani ndivyo havisogei."

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla ya mwezi kwisha. Mteja alikuwa katekista wa Bukirasazi, mtu mtaratibu, aliyealikwa kwenye semina Nairobi. Kwenye tiketi saa ya kuondoka iliandikwa nane na sufuri mbili. Nikamsomea kama nilivyoiona: "Saa nane, baba." Naye, kama Mrundi yeyote mwenye akili timamu, akaelewa saa nane ya mchana, baada ya kula. Alifika uwanjani Bujumbura saa saba, amevaa tai, na ndege ilikuwa imeondoka tangu saa mbili asubuhi.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alirudi Gitega kesho yake, akakaa mbele yangu, akaweka kofia magotini, akaniuliza kwa sauti ya kanisani, "Binti yangu, hiyo saa nane yako, jua huwa liko wapi?"

Tangu siku hiyo Mzee Kalisti aliniamuru niandike saa mara tatu kwenye karatasi ya kila mteja: kwa tarakimu za tiketi, kwa Kiswahili, na kwa jua. "Jua linachomoza." "Jua liko utosini." "Kuku wanarudi bandani." Nadine, najua unaona haya kuandika habari za kuku kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi. Andika. Hakuna mteja wa kuku aliyewahi kuachwa.

Wateja wa Muyinga waliniletea ugomvi wa aina nyingine. Aliyeongoza ni Hajji Ramadhani, muuza vitenge, jirani yetu tangu utoto wangu, ambaye alikuwa akienda Dubai mara mbili kwa mwaka. Tazama hali yake. Alipanda gari Muyinga alfajiri, akapita Gitega, akateremka milima mpaka Bujumbura, siku nzima akielekea magharibi. Kesho yake ndege ilimpakia, ikageuza pua mashariki, na baada ya dakika ishirini hivi ikapita juu ya Muyinga.

"We Mwajuma," aliniambia siku aliyogundua, akiwa amesimama kabisa, "mi niko natoka kwangu na giza. Nimekula vumbi, nimelala lojingi. Alafu ndege iko napita juu ya nyumba yangu! Hapo Muyinga haiwezi kusimama kidogo tu, mi nipande?"

"Hajji, ndege haina kituo Muyinga."

"Hata kupunguza mwendo?"

Aliporidhika kwamba haipunguzi mwendo, alipanga jambo lingine. Alimwagiza mkewe, Bi Salima, atandike kitenge chekundu juu ya bati siku ya safari, ili naye apate walau kuaga. Aliporudi alikuja ofisini anang'aa. Alikiona! Kilikuwa kidogo kama stempu, lakini alikiona, na aliwaonyesha abiria wawili Wahindi, nao wakakubali. Habari hiyo aliisimulia msikitini, sokoni na kwenye misiba miwili. Baada ya miezi mitatu nilikwenda Muyinga kusalimia, nikamwambia Bi Salima jinsi mumewe alivyofurahi. Akatazama mlangoni kwanza kama Hajji yuko karibu.

"Mwajuma, siku ile kulikuwa na mvua tangu asubuhi," akasema. "Mi sikutandika kitu."

Sikumwambia Hajji, na wewe usimwambie.

Mzee Kalisti alipozeeka aliniachia ofisi, na kompyuta ikaja. Kompyuta inajua saa za miji yote na haichoki. Gitega nayo ilipofanywa makao makuu ya nchi, tukaanza kupata wateja wenye tai na mikoba, waliouliza swali lilelile kwa Kifaransa kirefu zaidi. Nadine alikuja wakati huo, amesoma, vidole vyake vinakimbia kwenye vibonye kama mvua kwenye bati. Mimi nilijifunza kompyuta, lakini sikuipenda. Nilipenda kuhesabu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mteja, na zaidi mbele ya Nadine. Kwa kweli nilikuwa nimeanza kujiona. Nayasema haya kwa sababu kisa kinachofuata ndicho nilichokiona kizito kuliko vyote, na chanzo chake nilikuwa mimi.

Mzee Yohana alikuwa mkulima wa Buhinyuza, huko Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania. Alikulia Tanzania, akaoa Tanzania, akapata watoto kambini, na aliporejea nyumbani alirudi na Kiswahili safi kilichowafanya majirani wamwite mtangazaji. Binti yake mkubwa, Veronika, hakurudi naye. Akiwa kambini, yeye na shangazi yake walichaguliwa kwenda kuishi Brisbane, Australia. Alikuwa na miaka kumi na miwili alipoondoka. Sasa alikuwa mwanamke mzima, anaolewa, na alikuwa amewatumia wazazi wake mwaliko, viza na pesa za tiketi za kwenda harusini.

Mzee Yohana alikuja ofisini na mkewe, Mama Veronika, mwanamke mfupi aliyekaa ukingoni mwa kiti kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

"Mimi siendi," alianza yeye. "Nimekuja kusindikiza. Kitu kisichogusa barabara sikipandi."

"Anaogopa," akasema mzee.

"Siogopi. Sipandi tu."

"Mama," Mzee Yohana akaniambia, "binti yangu amesema hivi: baba asipofika, haingii kanisani. Harusi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Mimi sijawahi kupanda ndege. Niambie kweli. Ni mbali?"

"Kilomita elfu kumi na tatu na kidogo, kwa njia iliyonyooka. Lakini ndege hainyooshi, inapita mahali pawili."

"Na saa ngapi mpaka huko?"

Nadine alikuwa ameshageuza kompyuta ili asome. Nikamzuia kwa mkono. Nikakunja vidole mbele yao, nikahesabu kama Mzee Kalisti. Kuondoka Bujumbura Alhamisi saa tisa alasiri. Kuruka, kungoja, kuruka, kungoja tena, kuruka. Jumla saa thelathini na moja. "Utatua Ijumaa, saa nne ya usiku, mzee wangu. Utalala, utaoga, utaamka, utamwingiza binti yako kanisani."

Uso wake ulilegea. Akampigia Veronika simu palepale. "Ijumaa saa nne usiku! Nitalala kwako!" Upande wa pili nilisikia mtu anapiga vigelegele.

Mwanafunzi wa jiografia ameshaliona kosa langu. Mimi sikuliona.

Alhamisi tulikubaliana tukutane ofisini saa tatu asubuhi. Kwa kawaida sisindikizi wateja, lakini huyu alikuwa peke yake na hakuwahi kuona ngazi inayotembea yenyewe, kwa hiyo nilimkodia gari nikaamua kwenda naye mpaka Bujumbura. Alikuwa amelala kwa binamu yake hapa mjini. Saa tatu ikafika, Mzee Yohana hakuna. Saa tatu na nusu, hakuna. Simu yake imezimwa. Dereva akaanza kupangusa kioo ambacho alikuwa ameshakipangusa. Saa nne kamili akatokea mlangoni, suti nyeusi, sanduku begani, anatabasamu.

"Saa tatu barabara!" akasema. "Mimi ni mtu wa saa."

"Mzee, ni saa nne!"

Akatazama mkono. Saa yake ilionyesha saa nne. "Ndiyo," akasema kwa utulivu, "saa nne. Toa moja."

Tulielewana tukiwa garini, dereva akikimbiza. Saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja. Mzee Yohana aliporejea Burundi hakuigeuza saa yake. Kila alipotaka saa ya hapa aliitazama, akatoa moja, na kwa miaka yote hiyo hakukosea. Lakini Mama Veronika, kwa kuwa mumewe anakwenda mbali, alikuwa ameirudisha nyuma ili ilingane na ya Burundi. Saa ilikuwa sahihi kwa mara ya kwanza, naye akaitoa moja kama kawaida, akakaa kwa binamu anakunywa chai.

"Hakukwambia?"

Akafikiri. "Labda alisema. Nilikuwa naimba."

"Na simu mbona umeizima?"

"Ili isichoke kabla ya safari."

Mbele ya Bugarama lori la ndizi lilikuwa limelala kukata barabara, na tukakaa hapo saa nzima kwenye ukungu. Kaunta ya ndege ilikuwa inafungwa saa nane mchana. Kuanzia Bugarama mpaka bondeni nilisoma kila dua niliyofundishwa Muyinga pamoja na nyingine ambazo nadhani nilizitunga. Mzee Yohana ndiye aliyekuwa ametulia.

"Huyo dereva wa ndege," akaniuliza, "saa thelathini na moja atalala saa ngapi?"

"Wanabadilishana, mzee. Na ndege nazo zinabadilishwa."

"Chai atakunywa wapi?"

"Angani."

"Hapo sawa."

Tuliingia uwanjani saa nane kasoro dakika nne. Yule binti wa kaunta alikuwa ameshaweka kibao cha kufunga, nami nikakiondoa kwa mkono wangu, jambo ambalo, Nadine, haliruhusiwi. Nikazungumza Kifaransa, nikazungumza Kirundi, na ilipobidi nikaja kwenye ile sifa ya tatu. Mzee Yohana akapimwa mzigo, akapewa kadi, akaenda. Kabla ya kupotea ndani aligeuka, akainua saa yake na kuniuliza kwa mbali, "Nitoe moja?"

"Usitoe kitu!" nikapiga kelele. Polisi wawili wakanitazama.

Nililala Bujumbura, nikarudi Gitega Ijumaa asubuhi nimechoka na nimejaa sifa. Nilikuwa katikati ya kumsimulia Nadine habari ya kaunta nilipomwona anakodolea karatasi ya safari.

"Tantine," akasema polepole, akiniita shangazi kama kawaida yake, "hapa kutua wameandika Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi."

"Soma vizuri."

"Nimesoma mara tatu. Brisbane iko mbele yetu saa nane. Ukitoka Alhamisi saa tisa, na saa thelathini na moja, alafu nane..."

Sikuhitaji amalize. Ule uzi wa Mzee Kalisti ulipima umbali tu. Jua alikuwa amenifundisha kuliandika kwa kuku na utosi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba kule kwa Veronika linachomoza tukiwa bado hatujalala. Miaka yote nimewafundisha watu saa, na baba wa bibi harusi nimempotezea usiku mzima.

Ilinibidi nimpigie simu binti. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi, kwake saa kumi na moja jioni, na alikuwa anapasi shuka za baba yake.

"Mwanangu, ni Mwajuma wa tiketi, Gitega. Baba yako yuko salama. Ila usiende kumpokea leo."

"Kwa nini, mama?"

"Nilihesabu vibaya. Atatua kesho saa kumi na mbili asubuhi."

"Kesho ni harusi!"

"Najua, mwanangu. Kuna saa nne kati ya kutua na kanisa."

Nilimsikia anavuta pumzi. Nikangoja matusi, na ningeyapokea yote. "Sawa," akasema mwishoni. "Mimi sitaahirisha, na sitaingia bila yeye. Nitakaa kwenye gari mlangoni mpaka aje. Waambie wote wanaohesabu hesabu huko."

Siku ile sikuuza tiketi hata moja. Jumamosi nilifungua ofisi mapema, nikaiweka simu mezani nikakaa mbele yake. Nadine alileta chai ikapoa. Saa mbili na nusu asubuhi, ikiwa kule ni saa kumi na nusu jioni, ikaja picha.

Mzee Yohana amesimama mlangoni mwa kanisa, suti nyeusi, kifua mbele. Mkononi mwake bibi harusi mwenye shela, anacheka mdomo wazi, macho yamejaa machozi. Na chini, kwenye zulia jekundu, mzee hana viatu. Amevaa soksi za kijani, zile nyembamba zinazotolewa kwenye ndege.

Nadine aliitazama picha ile, kisha akanitazama mimi. Tulicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza tumepatwa na nini.

Mengine tuliyapata kwa kinywa chake. Alirudi baada ya miezi miwili, akaja ofisini na Mama Veronika, akakaa, akasimulia. Ndani ya ndege alivua viatu, kwa sababu aliona zulia na akaona si adabu kukanyaga zulia la watu. Viatu vilikuwa vipya. Alipotaka kuvivaa Brisbane, miguu ilikuwa imevimba kama mihogo, havikuingia hata kwa kusukumwa na watu wawili. Uwanjani wakamwuliza kama amebeba chakula, akajibu hapana. Wakafungua sanduku wakakuta maharage ya Buhinyuza kilo nne.

"Nikawaambia, hayo si chakula. Yatakuwa chakula yakipikwa," alisema Mzee Yohana, na bado alikuwa hajaona kosa la jibu hilo. "Wakaita mkubwa wao. Mkubwa akaita mkubwa. Wakayachukua maharage, wakachunguza kwa taa na kikapu ambacho Mama Veronika alimtumia binti yetu, wakitafuta wadudu. Nikawaambia tena, binti yangu ananingoja. Hawakunielewa. Nikalia kidogo. Hilo walilielewa."

Alifika kanisani saa nne na nusu. Veronika alikuwa kwenye gari kama alivyosema, amevua viatu na yeye kwa sababu ya joto, na mchungaji alikuwa ameshatoka mara mbili kuja kumbembeleza. Baba na binti walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na tisa. Mzee anasema hawakuambiana lolote la maana. Veronika alimwangalia miguu akasema, "Baba, viatu?" Naye akajibu, "Habari ndefu, twende, watu wanangoja."

Nilimwomba msamaha, pale pale, mbele ya mkewe na mbele ya Nadine, kwa zile saa nane. Akatikisa kichwa.

"Mama, ungeniambia siku ile kwamba nitatua siku yenyewe ya harusi, asubuhi, ningesema haiwezekani. Ningebaki Buhinyuza na shamba langu. Ulinidanganya vizuri."

"Sikudanganya. Nilikosea."

"Ndiyo maana nikaamini."

Nadine, hili usilichukue kama ruhusa. Hesabu sawasawa, soma kompyuta mpaka mstari wa mwisho, waulize maharage, na waambie wasivue viatu.

Kisha mzee akainama juu ya meza, akashusha sauti, ingawa mkewe alikuwa umbali wa mkono mmoja. Veronika ni mjamzito. Anamtaka mama yake awepo. "Yeye bado anasema hapandi," akaninong'oneza. "Mwambie saa kama ulivyoniambia mimi. Mpunguzie zile nane."

Mama Veronika alikuwa amesikia kila neno. Alisogea kutoka ukingoni mwa kiti mpaka nyuma kabisa, akaegemea, akaweka mikono mapajani.

"Dada," akaniuliza, "ni saa ngapi mpaka huko? Na unihesabie zote."

Nilimtazama Mzee Yohana. Alikuwa anatazama dari. Nikageuza kompyuta, nikasoma polepole mpaka mstari wa mwisho.

"Thelathini na moja za safari, mama. Na nane ambazo saa ya kule imetutangulia. Ukiweka saa yako sawa na ya kule, itakuwa imesogea saa thelathini na tisa. Kiti hakilali vizuri na miguu inavimba."

Midomo yake ikasogea kidogo, anahesabu.

"Uchungu wa Veronika ulinichukua siku mbili na usiku mmoja," akasema, "kambini, juu ya mkeka, na hakuna aliyekuja na chai. Kata tiketi."